Serikali ya Kuazima: Mizizi ya Utawala wa Kikoloni katika Bonde la Ufa

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Salgaa, Kaunti ya Nakuru

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, akina mama wa soko, ndugu zangu madereva mlioegesha malori mkaja kusikiliza, nanyi vijana mliojaa kule mlangoni: mihadhara ya historia huwa chuoni, mbele ya watu wanaoandika sana na kuuliza kidogo. Hapa naona mambo yatakuwa kinyume, na nimefurahi.

Kusudi langu ni kueleza serikali ya kwanza ya kikoloni iliyofika sehemu hizi, Nakuru, Rongai, Njoro na Molo, iliundwa kwa mawazo ya nani. Shuleni tulijibu swali hilo kwa neno moja, Uingereza, tukapewa alama zetu. Mimi nasema jibu hilo halitoshi. Sehemu kubwa ya serikali ile iliazimwa Zanzibar, Bara Hindi na Afrika Kusini. Na kila walipoazima, walichukua kile kinachompa mtawala nguvu ya kuamuru, wakakiacha kile kinachomlazimisha kujieleza.

Kabla sijaanza kuhesabu hoja, nikumbushe jambo ambalo huwashangaza wengi. Mtu aliyesimama hapa Salgaa mwaka 1901 alikuwa amesimama Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha, na ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, mwezi wa Aprili 1902. Kituo cha serikali kilichokuwa karibu na hapa ni Eldama Ravine. Kwa miaka kadhaa kiliongozwa na James Martin, baharia mzaliwa wa Malta ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Msicheke sana. Alijua kuongoza misafara, na serikali ya siku zile ilikuwa msafara uliopiga kambi. Kilichohamisha mpaka ni reli. Ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu Desemba 1901, na London ikaona ni usumbufu kwa reli moja kupita chini ya serikali mbili.

Mwenyekiti aliniomba pia niguse Marekani, kwa kuwa wanafunzi husoma makoloni yale kumi na matatu. Nitaigusa kwa sababu inatupa kipimo. Virginia ilianza kwa kampuni ya biashara iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1606. Mwaka 1619 walowezi wake walikutana Jamestown katika bunge lao la kwanza, na mwaka huohuo, katika koloni hilohilo, Waafrika wa kwanza waliteremshwa kutoka melini. Kampuni ilipovunjwa mwaka 1624, mfalme alichukua koloni, lakini bunge likabaki. Waingereza wale walikuwa wamebeba desturi za kwao: baraza la mahakama, hati ya haki ya mwaka 1215, na imani kwamba kodi haitozwi bila idhini ya mlipaji. Desturi hizo walizitumia wao kwa wao. Aliyeteremshwa kutoka melini hazikumhusu. Tuliweke hilo akilini tunapokuja kwetu.

Hoja ya kwanza: kampuni na Pwani

Kwetu nako kulianza na kampuni. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa kibali cha kuendesha pwani yake mwaka 1887, na Septemba 1888 kampuni ya IBEA ya Sir William Mackinnon ikapewa hati ya kifalme. Haikudumu. Fedha ziliisha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya na kuilipa kampuni fidia ya pauni 250,000. Virginia ilikaa chini ya kampuni miaka 18, sisi miaka 7. Hata hivyo kampuni iliacha tabia moja ambayo haikuondoka nayo: kila jambo liliulizwa kwanza litaingiza nini. Nchi ilitakiwa ilipe gharama za kutawaliwa kwake, na reli ilitakiwa ilipiwe na mizigo ya wakulima ambao bado walikuwa hawajafika.

Kamishna wa kwanza, Sir Arthur Hardinge, alikaa Zanzibar, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Cairo na Istanbul. Hakuwa na haja ya kubuni serikali ya pwani, maana ilikuwepo: maliwali, mamudiri na makadhi. Aliiweka chini yake, akaendelea. Mji wa Mombasa ulikuwa na liwali aliyeketi barazani, watu wakaleta mashauri yao. Lakini palikuwa na kadhi pia, na sheria ambayo liwali hakuitunga, na mtu aliyedhulumiwa aliweza kusoma au kusomewa kitabu alichohukumiwa nacho. Sisemi kwamba usultani ulikuwa serikali ya haki. Ulijengwa juu ya watumwa na karafuu. Nasema ulikuwa na pande mbili.

Serikali ilipopanda bara ilipanda na upande mmoja. Baraza lilikuja, askari walikuja, karani alikuja. Kadhi hakuja, wala hakutafutwa mtu wa mahali anayelingana naye. Kwa hiyo baraza la bara likawa mkutano wa kuambiwa: DC, yaani mkuu wa wilaya, amekaa kitini chini ya bendera, watu wamekaa nyasini, mkalimani amesimama katikati. Wazee mlioko hapa mnalijua baraza la aina hiyo vizuri kuliko mimi. Mkono uliinuliwa kuuliza lini kodi itakusanywa. Kuuliza imetumikaje, hapana.

Hoja ya pili: Bara Hindi

Kwa amri ya kifalme ya mwaka 1897, sheria za Bara Hindi ndizo zilizotumika huku. Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, sheria ya ushahidi, sheria ya mikataba, zote zilipakiwa kama zilivyo. Fedha ilikuwa rupia mpaka 1920. Maofisa wa wilaya waliitwa kwa cheo cha Kihindi cha mkusanyaji, na jina hilo halikudanganya mtu, kwani kukusanya ndiyo kazi waliyofanya. Kodi ya nyumba ilianza 1901.

Kwa nini Bara Hindi? Kwa sababu ilikuwa tayari. Ofisi ya Mambo ya Nje haikuwa na wanasheria wa kutosha kuandika sheria mpya za nchi wasiyoijua, na kanuni zile zilikuwa zimeandikwa kwa lugha fupi ili ofisa kijana, akiwa peke yake hemani, aweze kuhukumu bila maktaba. Kama sheria, zilikuwa nzuri. Wanasheria mtaniunga mkono: sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1882 kuhusu uhamishaji wa mali ilitumika Kenya mpaka ilipofutwa mwaka 2012. Aliyenunua ploti hapa Salgaa mwaka 2005 aliinunua katika nchi iliyokuwa bado inaongozwa na sheria hiyo.

Hapa ndipo kuazima kulipokuwa na hila. Walowezi walizichukia sheria za Bara Hindi. Walisema Mwingereza hawezi kuhukumiwa kwa kanuni iliyotungiwa watu wa Asia, wakapiga kelele mpaka mwaka 1930 ilipoletwa kanuni ya adhabu yenye asili ya Queensland, Australia. Na Wahindi wenyewe, waliojenga reli na kufungua maduka Nakuru wakati mji ulikuwa mahema na mabati? Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, alikubali kwamba mashamba ya nyanda za juu yasigawiwe Wahindi. Sheria zao zilitakiwa. Wao hawakutakiwa. A. M. Jeevanjee aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1909, mtu mmoja katikati ya Wazungu watupu, na hata hilo liliwakera walowezi.

Hoja ya tatu: walowezi na Afrika Kusini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kwetu. Nikiulizwa ni ushawishi upi uliobeba uzito mkubwa katika Bonde la Ufa, nitajibu bila kusita: Afrika Kusini.

Angalieni kwanza ardhi. Sir Charles Eliot, kamishna wa pili, aliamini nchi hii inafaa kuwa ya Wazungu, na hakuficha. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilitoa mikataba ya miaka 99. Ile ya 1915 ikaifanya 999. Lord Delamere alipata ekari 100,000 pale Njoro. Agosti 1904 Olonana na wazee wengine wa Kimaasai walitia alama kwenye mkataba wa kuondoka katika bonde hili, baadhi waende Laikipia, baadhi kusini mwa reli. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliambiwa watoke Laikipia pia.

Walifanya nini? Walikwenda mahakamani. Kesi ya Ole Njogo na wenzake ya mwaka 1913 ingestahili kufundishwa katika kila shule ya Nakuru. Mahakama ilisema haina mamlaka, kwa kuwa Wamaasai si raia wa mfalme, ni wageni walio chini ya ulinzi wake, na mkataba wao ni tendo la dola na dola. Yaani walikuwa taifa la kigeni siku ya kudai haki, na siku ya kulipa kodi walikuwa watu wa serikali. Miaka minane baadaye, mwaka 1921, jaji mwingine aliamua katika kesi ya Kikuyu kwamba Mwafrika ni mpangaji wa Taji katika ardhi aliyozaliwa, na anaweza kuondolewa wakati wowote. Hukumu hizo mbili zinapingana, na zote mbili ziliangukia upande uleule.

Sasa watu. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 wa msafara wa van Rensburg walishuka kwenye treni hapo Nakuru, wakafunga magari ya ng'ombe, wakapanda kwenda Uasin Gishu katika matope ya Agosti, wakafika Oktoba. Leo lori zima hufanya safari hiyo kwa saa chache, kama polisi hawajalisimamisha. Lakini walioleta fikra za Afrika Kusini hawakuwa Makaburu peke yao. Wengi wa walowezi wa Kiingereza walipitia huko baada ya vita vya 1899 hadi 1902, na hata magavana: Sir Robert Coryndon, aliyefika 1922, alikuwa kijana wa Cecil Rhodes. Walikuja wakijua jinsi ya kuendesha nchi ambamo wachache wana shamba na wengi wana mikono. Sheria ya Mabwana na Watumishi ilitungwa 1906. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipita 1915, na vita vilipokwisha kila mwanamume akavishwa kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kuchunga kwenye shamba la bwana. Nyanya na babu wa wengi waliomo humu walifika Rongai kwa mlango huo.

Kisha vyombo vya utawala. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Agosti 1907, na Delamere akiwamo. Walowezi walikuwa na chama chao tayari, na kuanzia karibu 1910 wakawa na Mkutano wa Vyama, uliojiona bunge halisi la nchi. Na hapa Virginia inarudi mezani. Madai yao yalikuwa yaleyale: hatutozwi kodi bila uwakilishi. Walipewa. Februari 1920 walipiga kura ya kwanza. Mwaka 1922 na 1923, London ilipofikiria kuwapa Wahindi haki sawa ya kura, baadhi yao walipanga uasi, pamoja na mpango wa kumteka gavana. Watu hawa walitii serikali pale ilipowatii.

Lakini Mwafrika alilipa kodi nyingi kuliko uwakilishi wake, kwa sababu uwakilishi wake ulikuwa sifuri. Kuanzia 1924 mmisionari aliteuliwa amsemee. Eliud Mathu aliingia mwaka 1944, kwa kuteuliwa. Waafrika walipiga kura ya kwanza ya kuwachagua wajumbe wao Machi 1957, na Bonde la Ufa likamrudisha Daniel arap Moi. Kati ya kura ya mlowezi na kura ya Mwafrika ilipita miaka 37. Kodi ilikusanywa miaka yote hiyo.

Naona mkono. Mzee, utaniruhusu nimalize sehemu hii, kwa sababu nadhani ndiyo unayotaka kuuliza: na serikali za wilaya? Mwaka 1926 aliletwa jaji kutoka Afrika Kusini, Richard Feetham, kuchunguza serikali za mitaa. Kwa pendekezo la tume yake, sheria ya 1928 iliunda mabaraza ya wilaya kwa maeneo ya walowezi, Nakuru likiwamo. Baraza lilishughulikia barabara, na lilikuwa chombo cha wenye mashamba. Mwaka 1937 sheria mpya ya maskwota iliyapa mabaraza hayo uwezo wa kuwekea mipaka mifugo ya skwota, shamba lake na siku zake za kazi. Tafakarini kidogo. Chombo cha kwanza cha serikali ya mitaa kilichogusa maisha ya mkazi wa Rongai kiliundwa na watu waliomwajiri, na uamuzi wake ulikuwa kupunguza ng'ombe wake.

Ndugu madereva, ninyi mnaujua mteremko huu wa Salgaa, na kazi ya breki, kuliko mtaalamu yeyote. Mashine hii ya serikali iliunganishwa kwa vipuri vya magari mbalimbali, injini ya huku, giaboksi ya kule, na kila fundi alisahau breki.

Hoja ya nne: chifu

Hii nitaipita haraka. Sheria ya Viongozi wa Vijiji ya mwaka 1902, kisha ile ya mamlaka ya wenyeji ya 1912, zilimfanya chifu kuwa mwajiriwa wa serikali. Gavana Girouard, Mkanada aliyetoka Nigeria ya Kaskazini, alikuja na mawazo ya huko ya kutawala kupitia wakuu wa jadi. Nigeria ya Kaskazini ilikuwa na maemiri. Bonde la Ufa halikuwa nao. Basi wakuu wakaundwa, mara nyingi mtu aliyekuwa mkalimani au mkuu wa wapagazi, akapewa kofia na fimbo. Chifu wa aina hiyo aliogopa DC kuliko jirani, na alikuwa na sababu.

Hoja ya tano: kilichokuwepo

Je, hapakuwa na chochote cha kuazima papa hapa? Kilikuwepo. Miongoni mwa Wakalenjin palikuwa na kokwet, mkutano wa wazee wa mtaa waliokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane, na aliyekuwa na shauri alisikilizwa mbele ya majirani watakaoishi na hukumu ile. Wamaasai walikuwa na marika yenye wasemaji wao, na msemaji aliyepotoka alirekebishwa na rika lake. Wakikuyu walikuwa na kiama. Si mabaraza kamili. Wanawake walikaa pembeni, na vijana walingoja zamu kwa muda mrefu. Lakini yote yalikuwa na kitu ambacho DC hakukitaka: mwamuzi aliishi kati ya watu aliowaamua, na hakuwa na askari.

Serikali iliyatambua mabaraza ya wazee kwa kesi ndogo za ng'ombe na mahari. Kwa kodi, ardhi na kazi hayakuulizwa. Na kiongozi aliyeonekana kuwa na nguvu ya kweli aliondolewa. Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliitwa kwenye mazungumzo Oktoba 1905, akapigwa risasi na Kapteni Meinertzhagen. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa mamia kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Huko nako kulikuwa kuchagua: kilichoweza kumjibu DC kilihamishwa au kiliuawa.

Tunakwenda wapi?

Baadhi yenu mtasema hayo yamepita, mkoloni alikwenda 1963. Alikwenda. Lakini sheria ya machifu iliendelea kumpa chifu uwezo wa kuwaita watu kazini kwa lazima mpaka mageuzi ya 1997, chini ya serikali yetu wenyewe. Hatukuwa wepesi kuondoa tulichorithi, kwa sababu aliyekalia kiti alikuta kinamfaa.

Katiba ya 2010 ndiyo jaribio la kwanza kubwa la kuweka upande uliosahauliwa. Ilisema mamlaka ni ya wananchi, ikaunda kaunti 47, na kifungu cha 196 kikalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wakazi. Wakati huohuo utawala wa mkoa haukuondoka: una makamishna wa kaunti, manaibu wao, machifu na machifu wasaidizi, wote wakiwajibika Nairobi. Kwa hiyo hapa Salgaa leo kuna serikali mbili juu ya barabara moja, moja inayochaguliwa na nyingine inayotumwa. Sitasema iliyotumwa ni mbaya. Usiku wa ajali tumemwona chifu akifika mapema. Nasema mkazi ajue ipi inampa amri na ipi inamdai hesabu, na aache kuichanganya mikutano yao.

Vijana, mna kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya kumbukumbu za maskwota wa Rongai na Njoro kabla wazee hawa hawajaondoka, pamoja na vipande vyao kama bado viko masandukuni. Nyaraka za Taifa zina faili za DC, hazina sauti ya aliyesimamishwa mbele yake. Kazi ya pili ni nyepesi na ya karibu. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na mikutano ya wananchi huitishwa katika wadi. Mara nyingi mikutano hiyo huanza viti vikiwa vitupu. Nendeni. Ombeni nakala, fungueni ukurasa wa wadi yenu, mwulizeni mwakilishi wenu fedha za mwaka jana zilifanya nini, na msikae mpaka ajibu.